Siku moja maishani mwangu: printa ya Wete iliyopotelewa na anwani

Saa 11 alfajiri mvua ilikuwa bado inapiga juu ya mabati. Nilisali, nikachemsha chai ya tangawizi, nikamtayarisha binti yangu kwenda skuli. Usiku umeme ulikuwa umekatika mara mbili hapa Chake Chake, na taa iliporudi kisha ikazima tena nilijua asubuhi simu itaita mapema. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na aliyewahi kuishi kwa jenereta hawezi kuubeza waya ule. Lakini mvua ikija na upepo, umeme hukatika, na kwa kazi yangu kukatika si tatizo kubwa. Tatizo ni kurudi. Kila kifaa huamka kwa wakati wake, na kinachochelewa kuamka hukuta mahali pake pamekaliwa.

Saa 1:20 simu ikaita. Alikuwa karani wa ofisi ndogo ya ushirika wa akiba na mikopo, Wete.

"Assalaam alaykum, dada fundi. Printa imekufa."

"Waalaykum salaam. Imekufa vipi? Taa haiwaki?"

"Taa inawaka, na kwenye kioo chake imeandika iko tayari. Lakini kompyuta zinasema iko oflaini."

"Yako peke yako au zote?"

"Zote tatu, hata ya bibi mhasibu."

Swali hilo la mwisho siliachi hata siku moja. Kompyuta moja ikilalamika na nyengine zinachapa, ugonjwa uko kwenye kompyuta hiyo. Zikilalamika zote, tazama printa, waya wake, au ruta, kile kisanduku kinachounganisha vifaa na kuvigawia anwani za mtandao. Na printa ya leza inayosema iko tayari haina shida ya tona, ya karatasi wala ya moto wa kubandikia wino. Mashine ni nzima, ila hakuna anayeifikia.

Kisha akaniambia jambo lililonichoma. Kuna mtu alikwishapita akawaambia kadi ya mtandao imeungua, wanunue printa nyengine. Kuitazama nyuma hakuitazama. Printa ya leza ya ofisi huku kwetu haitoki duka la jirani: huagizwa Unguja au Dar, ikapanda boti hadi Mkoani, ikapanda gari hadi Wete, na fedha inayolipia safari yote hiyo ni akiba ya wavuvi na wakulima wa karafuu. Nikamwomba asiguse kitu, asiirudishe kwenye setingi za kiwandani, na asiendelee kubonyeza kuchapa. "Naja mwenyewe," nikamwambia.

Saa 2:30 nilifungua duka, nikamaliza laptopu ya mwalimu mmoja iliyokuwa inasubiri kibodi, nikamwachia kijana wangu funguo.

Saa 3:15 nilikuwa ndani ya gari la Wete. Ni kama kilomita 30, na gari husimama kila penye mtu. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa kila penye uwazi, lakini asubuhi hii yote yalikuwa yamekunjwa kwa mvua, na harufu ilikuwa imejaa ndani ya gari kana kwamba tumekalia magunia. Msimu kama huu ndio watu hukopa: wachumaji wanataka malipo yao leo, na karafuu haiuziki mpaka ikauke. Ofisi ya mikopo isiyoweza kuchapa mkataba msimu wa karafuu inamkwamisha mtu ambaye karafuu yake iko juu ya mti.

Saa 4:30 nikapiga hodi. Barazani walikaa watu sita. Mmoja alikuwa mzee wa kisiwa cha Kojani, kanzu yake imelowa mpaka magotini, amekuja kukopa fedha za mashine ya boti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Basi fanya hima, chombo cha kunirejesha hakinisubiri."

Kwa hiyo sikuanza na mtandao. Printa ile ina tundu la USB, na waya wa USB ninao mkobani daima. Niliichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya karani, Windows ikaitambua, na saa 4:50 mkataba wa mzee ukatoka, kurasa nne, ukiwa na joto. Kufanya hivi kuna gharama yake: kwenye orodha inaongezeka printa ya pili yenye jina lilelile, na usipoikumbuka kuifuta baadaye, wiki ijayo mtu ataichagua hiyo na kusema printa imekufa tena. Lakini mzee alipata karatasi zake, akaondoka.

Hapo nikaivuta meza na kutazama nyuma.

Matundu mengi ya mtandao huwa na vitaa viwili vidogo. Kimoja kikiwaka, waya umeshika. Chengine kikipepesa, kuna mazungumzo yanapita. Kwenye printa vyote viwili vilikuwa vimezima. Waya ulikuwa umesimama ndani ya tundu, ukiutazama kwa mbali utaapa umechomekwa, lakini kishikizo chake cha plastiki kilikuwa kimevunjika zamani na kichwa kimerudi nyuma kama milimita mbili. Jana usiku paa lilivuja, bibi mhasibu akaisogeza meza ili printa isilowe, na waya ukavutika. Alifanya jambo jema kabisa. Bila yeye tungekuwa tunazungumzia printa iliyolowa maji.

Nilipokichomoa kichwa na kukiweka kwenye mwanga wa dirisha, vile vimeno vinane vya ncha vilikuwa na ukungu wa kijani. Ofisi iko juu ya kilima kinachoteremkea bandarini, na hewa ya chumvi haibishi hodi. Mchovyo mwembamba wa dhahabu ukishakwanguka, chumvi na unyevu hula kilichopo chini yake. Wengi hukisugua kwa kitambaa na kukirudisha. Mimi hukata. Nilimenya ganda la nje kama sentimita tatu, nikazinyoosha nyuzi nane mpaka zikalala sambamba, nikazipanga kutoka kushoto, kishikizo kikitazama chini: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nikazikata usawa mmoja, nikazisukuma mpaka kila uzi ukagusa mwisho wa kichwa kipya, ndipo nikabana kwa koleo. Jicho lazima lione shaba ya nyuzi zote nane upande wa mbele kabla ya kubana; ukibana kwa kubahatisha utarudia.

Kitaa kikawaka. Karani akapiga makofi. Kompyuta, hata hivyo, bado zikasema oflaini.

Saa 5:30 kazi yenyewe ndiyo ikaanza. Kabla ya kutengeneza waya nilikuwa nimechapa ile karatasi ya taarifa za mtandao inayotoka kwenye menyu ya printa, nayo ilionesha anwani, yaani namba ambayo kifaa hutambulika kwayo mtandaoni, inayoanza na 169.254. Namba hizo nikiziona naelewa mara moja: kifaa kimeomba anwani, hakuna aliyekijibu, kikajipa chenyewe. Baada ya waya mpya nikaizima na kuiwasha, nikachapa tena. Sasa ilisema 192.168.1.23. Vyema, imezungumza na ruta. Lakini kompyuta zote zilikuwa zinapeleka kazi 192.168.1.14, anwani ya zamani.

Nikapingi 192.168.1.14, yaani nikaigonga kwa ujumbe mfupi kuuliza kama kuna mtu, nione kimya chake. Ikajibu. Mara nne, bila kupoteza hata moja.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ningependa kila anayeshughulikia printa alielewe jambo hili. Jibu la ping halikuambii ni nani aliyejibu. Ukigonga mlango wa nyumba aliyokuwa akikaa rafiki yako na mtu akaitikia "karibu", hujajua kama ni yeye. Nikaandika amri ya arp -a, kompyuta ikanionesha namba ya MAC ya aliyejibu, ile namba ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani. Nikailinganisha na namba iliyo kwenye karatasi ya printa: tofauti tangu tarakimu sita za mwanzo, ambazo huonesha mtengenezaji wa kifaa. Nikajaribu porti 9100, yaani mlango wa namba ndani ya kifaa ambao printa nyingi za ofisi husikilizia kazi. Imefungwa. Aliyekaa 192.168.1.14 hakuwa printa hata kidogo.

Alikuwa kirekodi cha kamera za ulinzi. Umeme uliporudi usiku, ruta iliamka imesahau orodha yake ya nani alipewa nini, kama ruta nyingi ndogo zinavyofanya. Kirekodi kikaomba anwani, kikapewa 14. Printa, kwa kuwa waya wake ulikuwa umelegea, haikuwepo kuidai. Leo iliporudi ikapewa 23. Hakuna kilichoungua.

Saa 6:40 adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Tukasali, kisha bibi mhasibu akanipa wali na mchuzi wa changu aliopika alfajiri. Tulikula haraka, maana barazani watu wameongezeka.

Saa 7:30 nikaingia kwenye ruta. Neno la siri lilikuwa lilelile la kiwandani, limebandikwa chini yake, mtu yeyote aliye kwenye waifai angeweza kuingia. Nikalibadilisha, nikaliandika, nikamkabidhi bibi mhasibu ndani ya bahasha. Kisha nikaiambia ruta igawe anwani kuanzia 100 hadi 200 tu, na printa nikaipa 192.168.1.10 kwa mkono, nje ya mgawo huo, ili asije mwengine akapewa. Mafundi wenzangu wengine hupenda kuihifadhia printa anwani ndani ya ruta, nayo ni njia nzuri. Lakini huku kwetu ruta ndiyo hufa mwanzo, na ikifa inakwenda na kumbukumbu zake. Anwani iliyo ndani ya printa hubaki, mradi ruta mpya itumie mtandao uleule wa 192.168.1, ikija na 192.168.0, printa haitaonekana mpaka ibadilishwe. Ndiyo maana nikaiandika kwenye karatasi ngumu na kuibandika ubavuni mwa printa, pamoja na tarehe.

Kompyuta zilikuwa na mambo yake. Ya karani ilikuwa na kazi 26 kwenye foleni, nyingi zikiwa mkataba uleule mmoja, kwa sababu mtu asipoona karatasi hubonyeza tena. Ningeiunganisha hivyo hivyo, zingemwagika zote, tona na karatasi za watu zikaenda bure. Nikaisimamisha huduma ya foleni, nikafuta yaliyomo kwenye folda yake, nikaiwasha upya, na ile printa ya pili ya USB nikaiondoa. Foleni ile ina majina ya wakopaji na kiasi wanachodaiwa. Macho yangu nayaelekeza kwenye safu ya hali ya kazi tu, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha kijana wangu wa dukani.

Kompyuta ya pili ilikuwa imejichagulia porti ya WSD, ile ambayo Windows huitafuta printa yenyewe. Siku njema hufanya kazi, siku mbaya huipoteza printa iliyo hatua mbili kutoka hapo. Nikaitengenezea porti ya TCP/IP, inayokwenda moja kwa moja kwenye anwani unayoiandika, yenye 192.168.1.10 na namba 9100. Ikachapa.

Ya bibi mhasibu ilinikalia karibu nusu saa. Ping inajibu, namba ya MAC ni ya printa, porti 9100 iko wazi, na bado imeandikwa oflaini. Nikafungua setingi za porti na kukuta kisanduku cha kuuliza hali ya printa kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao huulizana hali, kimetiwa alama. Printa ile haijibu swali hilo kwa namna kompyuta inavyotaka, na kompyuta ikikosa jibu huamua haipo. Nikaondoa alama. Neno oflaini likafutika mbele ya macho yake.

"Alhamdulillah," akasema. "Na asubuhi nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kuomba fedha za kununua mpya."

Saa 9:15 kabla sijafunga mkoba nilifanya jaribio ambalo bila hilo sidai malipo. Nikazima kwenye swichi kubwa ya ukutani: ruta, swichi ya mtandao, printa, kirekodi, vyote. Nikahesabu dakika mbili, nikawasha. Tukasubiri. Kompyuta tatu zikachapa ukurasa mmoja mmoja, na karatasi ya taarifa ikasema 192.168.1.10. Wa barazani wakaanza kuitwa.

Saa 10 nilisali alasiri Wete, nikanunua mkate wa mofa, nikapata gari la mwisho lililokuwa na nafasi mbele. Jua lilikuwa limetoka na majamvi yametandazwa tena, wanawake wanaigeuza karafuu kwa miguu.

Saa 1 usiku, baada ya magharibi, nilikaa na binti yangu sakafuni, yeye na hesabu zake, mimi na daftari langu la kazi. Alinisomea tarakimu za MAC kutoka kwenye karatasi ya printa, moja moja, nami nikaandika: Wete, printa ya leza, 192.168.1.10, waya umekatwa na kutiwa kichwa kipya upande wa printa. Upande wa swichi ya mtandao sijaukata; nao una kijani kidogo. Jumamosi inshallah narudi na waya mpya wa mita tano, tuisogeze ile meza mbali zaidi na pale paa linapovuja.