Kalamu kwanza: nilivyopata kishikwambi cha kusomea udaktari wa mifugo

Novemba 2022 niliingia mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mji kasoro bahari. Kufika Krismasi nilikuwa nimeacha steshenari zaidi ya Sh 80,000 za kuchapa slaidi tu. Anatomia, histolojia, embriolojia, kila wiki mzigo mpya. Gharama ningeivumilia, kilichonishinda ni rangi.

Asiyesoma mambo haya nimweleze kidogo. Tishu ikiandaliwa kwa ajili ya hadubini hutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayotoa zambarau kwenye viini vya seli, na eosini, inayotoa waridi kwenye sehemu kubwa iliyobaki. Mtihani wote umejificha kwenye tofauti ya hizo mbili. Sasa chapa nyeusi na nyeupe uone. Zambarau inakuwa kijivu, waridi nayo kijivu. Ini la nguruwe, ambalo kwenye slaidi limegawanyika vyumba vyumba kama sega la nyuki, kwenye karatasi yangu lilikuwa wingu la mvua. Kuchapa kwa rangi nako ni bei ya sahani ya chipsi kwa kurasa chache.

Nikaanza kumtazama mjomba kwa jicho la tamaa. Ni mwalimu wa sekondari, na kipindi hicho walimu walikuwa wanagawiwa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022.

"Mjomba, si uniazime hicho cha sensa angalau muhula mmoja?"

"Mjomba, hiki ni mali ya serikali. Kikidondokea kwenye damu ya ng'ombe nitaandika barua za maelezo mpaka nistaafu."

Basi boom, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia nikajinunulia changu, Sh 220,000, kwa kijana mmoja wa mjini. Jina lake silitaji, na la kishikwambi pia silitaji. Boksi liliandikwa RAM 8, yaani GB 8 za kumbukumbu ya kuendeshea programu. Ndani, nilipokuja kupekua baadaye, zilikuwa 2. Kioo inchi 10, kava la ngozi ya kuigiza, na juu yake nikapewa kalamu ya zawadi yenye ncha ya mpira. Ile kalamu ndiyo iliyonichota akili. Nilijiona tayari ni msomi.

Siku ya kwanza darasani nikaweka kiganja kwenye kioo kama mtu anavyoandika kwenye daftari. Ukurasa ukaruka. Nikaweka tena, mistari ikajichora penye kiganja. Nikajifunza kuandika mkono ukining'inia hewani, kama fundi anayeandika bango juu ya ngazi, na baada ya kipindi cha saa mbili bega lilikuwa linawaka moto. Ncha yenyewe ilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Neno "humerus", mfupa wa juu wa mguu wa mbele, lilimaliza mstari mzima. Kuchora neva zinazotoka kwapani kwenda mguu wa mbele, ambazo ni nyingi na zinapishana kama nyaya za umeme mtaani, ilikuwa ndoto. Mwisho wa mwezi nikarudi kwenye daftari, na kishikwambi kikawa cha kuangalizia mpira.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa mwaka wa nne. Nilimkuta maktaba anachora mzunguko wa maisha wa vimelea vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kiganja kimelala kwenye kioo bila wasiwasi, maandishi madogo kama ya kitabu. Nikamuuliza kishikwambi chake ni aina gani.

"Dogo, unaanza kinyume. Uliza kalamu kwanza, kishikwambi baadaye."

Akanipa somo ambalo nimekuwa nikilirudia kwa kila anayeniuliza. Kalamu ya mpira haina akili yoyote. Kioo kinaiona kama kidole, kwa hiyo hakiwezi kuitofautisha na kiganja chako. Kalamu yenyewe hasa ni ile ambayo kifaa kimetengenezwa kuitambua. Kwenye vishikwambi vya Samsung vinavyokubali S Pen, chini ya kioo kuna tabaka linalotoa nguvu ya sumaku, na kalamu inaishi kwa nguvu hiyo, ndiyo maana zile za kawaida hazina betri ya kuandikia. Apple Pencil ina betri yake na inachajiwa. Zote mbili zinajulikana na kioo kuwa ni kalamu, zinaandika nyembamba ukigusa taratibu na nene ukikandamiza (ukiondoa ile Apple Pencil ya bei nafuu ya USB-C iliyokuja baadaye, ambayo haina hilo la kukandamiza), na kiganja kinapuuzwa.

Kile cha kwanza nikakiuza Sh 130,000 kwa jamaa aliyetaka cha watoto wake kuangalia katuni. Mjomba naye, pengine kwa kujisikia vibaya kuhusu kile cha sensa, akauza beberu mmoja akaniongezea. Likizo ya Pasaka 2023 nikapanda basi Msamvu, kilomita kama 200 mpaka Dar, nikafikia kwa shangazi Mbagala, na kesho yake asubuhi nikawa Kariakoo.

Safari hii sikwenda kinyonge. Nilibeba memori kadi yenye slaidi zangu na kitabu kimoja cha anatomia cha kurasa zaidi ya 800. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kifaa ambacho sijakichorea zile neva za kwapani, kiganja kikiwa kimelala, sikilipii.

Duka la kwanza nikaonyeshwa Galaxy Tab A8, inang'aa, bei nzuri.

"Bosi, hii inakubali kalamu?"

"Inakubali kila kitu, mwanangu, hata msumari."

Kwa msumari sibishi. Ila Tab A8 haikutengenezewa S Pen. Ukitaka kuandika unarudi kwenye ile ile ya mpira. Kwa nje inafanana sana na ndugu zake wanaokubali kalamu, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Nikamuaga na kuondoka.

Kwenye iPad nilikaa muda mrefu, sitamdanganya mtu. Ile ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, niliichorea neva nikatabasamu mwenyewe. Inateleza vizuri, na programu za anatomia za kuzungusha mifupa kwa pande zote ni nyingi huko. Lakini iliyotumika ilikuwa Sh 700,000, kalamu unanunua peke yake, nafasi ni GB 64 na hakuna mahali pa kuchomeka kadi. Na ile Apple Pencil ya kwanza, ambayo ndiyo inayoingiliana nayo, ukiichomeka kuchaji kwenye tundu la iPad inabaki imejitokeza kama kipimajoto kwenye ng'ombe. Nikajiona darasani, mtu anapita, anaigonga, inavunjikia ndani.

Ghorofani dukani kwingine walikuwa nayo ya bei ya chini mno. Nikaomba waifute mbele yangu ianze upya kama mpya. Ilipowaka ikadai nenosiri la shule fulani ya Marekani. Vifaa vya namna hiyo vimesajiliwa na mwenyewe, na kila ukikifuta kinarudi kumuulizia.

"Hiyo inatolewa, kaka, fundi yupo hapo juu."

Nikamshukuru nikashuka ngazi. Huo mtihani wa kufuta mbele ya macho yako uufanye hata kwa Samsung, maana nazo hudai akaunti ya Google ya mwenye mali wa zamani.

Saa tisa hivi, miguu imekufa ganzi, nikapata Galaxy Tab S6 Lite. Toleo la 2020, inchi 10.4, RAM 4, GB 64, tundu la memori kadi, na S Pen yake imenata ubavuni kwa sumaku. Ilikuwa imechubuka pembeni. Nikafungua slaidi zangu, nikalaza kiganja, nikachora neva kutoka kwapani mpaka ile ya radiali inayozunguka mfupa wa juu wa mguu, ambayo ikiumia mnyama anaburuta mguu. Nikaandika majina kwa herufi ndogo kabisa. Muuzaji akaja kuchungulia begani.

"Hiyo mizizi ya nini?"

"Mguu wa ng'ombe, kaka."

Akapunguza kutoka Sh 600,000 hadi 540,000. Sijui kama mguu wa ng'ombe ulichangia.

Faida niliiona ndani ya wiki. Sisi hatusomi mnyama mmoja. Mguu wa mbele wa farasi unakanyagia kidole kimoja, wa ng'ombe viwili, wa mbwa una vitano, na mwalimu anategemea uwe nao wote kichwani. Kwenye daftari walikuwa kurasa tofauti. Sasa nawapanga kwenye ukurasa mmoja, mfupa ule ule kwa rangi ile ile kwa kila mnyama. Kisha nanakili ukurasa, nafuta majina yote, na usiku nayajaza upya kwa kichwa. Hiyo mbinu ya kufuta na kujaza ndiyo iliyonitoa kwenye mdomo wa sapu, yaani mtihani wa marudio. Tumbo la ng'ombe nililishika hivyo hivyo, vyumba vyake vinne, kile cha tatu chenye kurasa kurasa ambacho wauza supu wanakiita kitabu.

Sauti ya mhadhiri pia inarekodika sambamba na maandishi. Ukigusa neno uliloandika, unasikia alichokuwa anasema dakika hiyo. Omba ruhusa kwanza. Mmoja alinikatalia, nikazima.

Kwenye ukumbi wa kupasulia nilikiingiza mara moja tu. Glavu zina formalini, macho yanatoka machozi, na wenzako wanne wanataka kukuza picha kwa vidole hivyo hivyo. Nilikesha nikikifuta kwa spiriti. Tangu hapo kule naingia na karatasi moja na penseli, nikitoka naipiga picha na karatasi naitupa. Yupo mwenzangu anayeona huo ni uoga. Kishikwambi chake kinanuka mpaka leo.

Kijijini ni habari nyingine. Mwaka wa tatu tulikuwa kwa mfugaji mmoja wilayani Mvomero, ndama ana joto 40.8, tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega zimevimba. Dalili za ndigana kali hizo. Kishikwambi kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu, nimeufunga mdomo, na S Pen inaandika juu ya plastiki bila shida kwa sababu ile sumaku inapenya. Kinyesi kikiruka unafuta mfuko. Nilikuwa na ukurasa wangu wa dozi tayari: dawa ya buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, na chupa ikiwa na miligramu 50 kwa mililita, basi ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Yule ndama tulimkadiria kwa utepe kuwa kilo 120, mililita 6. Mzee mwenye ng'ombe alinitazama nikiandika mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, unamchora au unamtibu?"

"Vyote, mzee."

Ubaya wake upo. RAM 4 na kitabu cha kurasa 800 havipatani. Kinafunguka huku wewe unasubiri kama uko foleni ya benki. Nilikikatakata sura kwa sura, kila mfumo wa mwili faili lake, kikapumua. Ripoti ndefu siziandikii humo, nakwenda maabara ya kompyuta. Na usidanganywe na ile karatasi ya kubandika inayofanya kioo kikwaruze kama daftari. Inapendeza kweli kuandikia, ila ilikula ncha ya kalamu yangu kwa miezi miwili. Ncha zinabadilishwa, ziagize kabla hujazihitaji.

Kubwa kuliko yote lilinipata mwaka wa pili, siku nne kabla ya mtihani wa parasitolojia. Kilizimika jioni, kikakataa kuwaka mpaka kesho yake adhuhuri. Muhula mzima wa minyoo, kupe na mbung'o ulikuwa humo, na mahali pengine popote haupo. Kilipowaka nilihamisha kila kitu kuwa PDF nikapandisha Google Drive, ambako GB 15 za kwanza ni bure. Sasa kila Ijumaa usiku, kwa bando la usiku, narudia.

S Pen ya kwanza niliipoteza kwenye zizi, ng'ombe aliikanyaga ikazama, na hakuna aliyekuwa tayari kunisaidia kuitafuta. Hii ya pili nimeifunga kwenye kava kwa uzi wa nailoni wa kushonea vidonda, fundo lile la upasuaji tulilofundishwa. Ndilo fundo langu la kwanza ambalo mwalimu alilivuta, akalivuta tena, akaniambia, "Hili limeshika."