330, na Swali la Kurudia GRE

Kabla mtihani wa GRE, ule ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuwapima wanaoomba shahada za uzamili, haujakuonyesha alama zako, kompyuta hukuuliza kama unataka matokeo yahesabiwe au yafutwe, nawe hujibu bila kujua umepata nini. Nilikaa mbele ya swali hilo kwa muda, katika kituo cha mtihani jijini Nairobi, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mkono juu ya kipanya na kinywa kimenikauka, kwa sababu sehemu ya mwisho ya hesabu ilikuwa na maswali mawili niliyoyajibu kwa kukisia tu. Nikabonyeza yahesabiwe. Zikatokea namba mbili: 163 kwa sehemu ya lugha na 167 kwa sehemu ya hesabu. Kila sehemu huanzia 130 na kukomea 170, kwa hivyo jumla yangu ilikuwa 330 kati ya 340. Alama ya insha, 4.0 kati ya 6, ilikuja siku tisa baadaye.

Nilimshukuru Mungu, na shukrani ile ilitoka moyoni. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikitoka kazini katika ofisi ya uwakala wa forodha, nikirudi nyumbani kwetu Kibokoni, na baada ya sala ya isha nikikaa na vitabu mpaka usiku wa manane. Lakini furaha haikufika nami Mombasa. Ndani ya treni, tulipokuwa tumeshapita Voi, nilifungua simu nikaanza kusoma jedwali linaloonyesha kila alama imewapita watahiniwa wangapi katika kila mia moja. Alama yangu ya lugha, 163, imewapita zaidi ya 90. Alama yangu ya hesabu, 167, imewapita 80 hivi. Namba iliyokuwa kubwa ndiyo iliyokuwa na nafasi ya chini.

Asiyeufahamu mtihani huu ataona kwamba hilo haliwezekani, nami naomba nilieleze, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Sehemu ya hesabu ya GRE haivuki hisabati ya shule ya sekondari, na wanaoufanya mtihani ni pamoja na maelfu ya wahandisi na wanasayansi wa kompyuta ambao hesabu hizo ni maji ya kunywa kwao. Wamesongamana juu kabisa ya kipimo. Matokeo yake ni kwamba hata mtu aliyepata 170 ya hesabu, yaani asiyeweza kupata zaidi, huwa amewapita takribani 91 au 92 tu katika kila mia, ilhali 170 ya lugha humweka mtu kwenye 99. Nami sikuwa nikiomba nafasi ya kusoma fasihi. Ninaomba shahada ya uzamili katika uchumi, kwa nia ya kushughulikia uchumi wa bandari na usafirishaji, na wanaosoma maombi ya uchumi huanza kutazama alama ya hesabu kabla ya ile nyingine. Kozi moja kati ya nne nilizozichagua inasema wazi kwamba wengi wanaokubaliwa wana 168 au zaidi.

Nyumbani hakuna aliyeyajua hayo. Mama alinipokea kwa mahamri na mbaazi, jirani zetu wakaja kunipongeza, na mimi nikawajibu kwa adabu huku moyo wangu ukiwa kwenye alama tatu zilizokosekana. Usiku ule nilimwambia Mama kwamba huenda nikarudia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani wamekwambia haitoshi, ama ni wewe wajiambia?" Sikuwa na jibu.

Kanuni zenyewe za mtihani huo zinamvuta mtu arudie. Inaruhusiwa kuufanya tena baada ya siku 21, na mtu anaweza kuufanya hadi mara tano ndani ya miezi 12. Alama hudumu miaka mitano. Zaidi ya hayo, mtahiniwa anaweza kuchagua atume matokeo ya siku ipi, kwa hiyo ukirudia ukashuka, chuo hakilazimiki kujua. Ukizitazama kanuni hizi peke yake utasema hakuna cha kupoteza isipokuwa fedha. Nilizipiga hesabu. Ada ya mtihani ni dola 220, ambazo kwa shilingi yetu ni kama 28,000. Treni, kwenda na kurudi katika daraja la kawaida, ni shilingi 3,000. Malazi ya siku mbili, chakula na matatu vingefikisha jumla karibu na 36,000. Ni fedha nyingi kwa mshahara wangu, ila si fedha zisizopatikana, na kwa wiki mbili nzima niliamini kwamba nitarudia.

Nilifikiria pia kuufanya mtihani nyumbani, kwa kuwa GRE inaruhusu hivyo, na ningeokoa nauli na malazi. Lakini mtahiniwa wa nyumbani anatakiwa awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, msimamizi akimtazama kwa kamera tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu yeyote asiingie. Nyumba yetu ni ya ghorofa moja ya kizamani, dirisha langu limeelekeana na dirisha la jirani upana wa kichochoro tu, na watoto wa dada yangu hawajapata kuona mlango uliofungwa wasiubishe. Umeme nao hukatika usipoutarajia. Wazo hilo niliacha mapema.

Kilichonibadilisha fikira ni daftari. Nilikuwa na daftari la hesabu, lile la mraba, ambamo niliandika matokeo ya kila mtihani wa majaribio. Mitihani hiyo ilikuwa minne, yote ya POWERPREP, ambayo hutolewa na ETS, wenye mtihani wenyewe: miwili ya bure na miwili ya kulipia. Niliifanya kwa muda wake kamili, bila kusimama, kana kwamba ni siku yenyewe. Sehemu ya hesabu nilipata 164, kisha 168, kisha 165, kisha 167. Wastani wake ni 166. Mimi nilisoma takwimu chuoni, na ninajua ninachopaswa kusema mtu mwingine akiniletea namba hizo. Ningemwambia kwamba matokeo yake ya siku ya mtihani hayakuwa bahati mbaya. Yalikuwa juu kidogo ya wastani wake, na akirudia bila kubadilisha kitu, uwezekano wa kushuka haupungui ule wa kupanda. ETS wenyewe huchapisha ukubwa wa kosa la kipimo chao, na kwa kila moja ya sehemu hizo mbili ni kama alama mbili hivi. Kwa hiyo aliyepata 167 na aliyepata 169 wanaweza kuwa na uwezo uleule, ila mmoja alipata asubuhi nzuri.

Nilitaka kuhakikisha kwamba sijidanganyi ili nipate kupumzika, kwa hiyo nikarudi kwenye makosa yenyewe. Niliyapitia yote niliyokuwa nimeyaandika kwa wino mwekundu. Mengi yalikuwa ya aina moja: maswali yanayokupa kiasi A na kiasi B, nawe useme kipi ni kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Chukua mfano mdogo kabisa: kiasi A ni x mara x, kiasi B ni x, na hujaambiwa lolote jingine kuhusu x. Mtu mwenye haraka hufikiria 3, akaona 9 imezidi, akachagua A. Amesahau kwamba x yaweza kuwa nusu, ambapo A inakuwa robo na B ndiyo inayozidi, au yaweza kuwa 1 au 0, ambapo viko sawa. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Mimi nililijua somo hilo tangu Juni, niliweza kulifundisha, na bado katika kila mtihani, saa ikinibana, nilikosa maswali mawili au matatu ya namna hiyo. Kosa linalojirudia katika mitihani minne baada ya miezi mitatu ya kulipiga vita si ajali tena, ni sehemu ya kipimo changu chini ya saa ile.

Siku hizo ami yangu alikuja kututembelea. Ameendesha malori kutoka Kilindini hadi Malaba kwa miaka mingi, alianza akiwa utingo, na mtihani kama huu hajawahi kuuona. Nilimweleza tulipokuwa tumekaa barazani na kahawa tungu, nikidhani nitamchosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza habari ya mizani ya Mariakani. Alisema dereva akikutwa amezidisha uzito, jambo la kwanza si kubishana na mizani wala kurudi kwenye foleni. Anashuka, anazunguka gari, anatazama. Je, mzigo umesogea nyuma? Turubai limeshika maji ya mvua? Gari lilisimama vibaya juu ya sahani? "Ukiona kitu kimebadilika, rekebisha, kapime tena. Lakini ukirudi na mzigo uleule, mwanangu, mizani itakwambia maneno yaleyale, na dizeli umeshaichoma." Alinikumbusha pia jambo ambalo kazini kwetu tunalijua vizuri, kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari huacha nafasi ya asilimia 5 juu ya kikomo cha kila ekseli, kwa sababu waliotunga sheria walijua kwamba mzigo huhama njiani.

Maswali yaleyale ya Ami nikamuuliza mtu ninayemfahamu, mwenzangu wa kazini ambaye aliwahi kurudia mtihani huu. Majaribio yake yalikuwa yakimpa 165 na 166, lakini siku ya mtihani aliamka na homa ya malaria, akaenda hivyo hivyo kwa kuwa ameshalipa, akapata 158. Yeye alikuwa na kitu cha kurekebisha. Alipona, akasubiri siku zake, akarudi, akapata 166. Nilifurahi alipofanya hivyo na leo ningemshauri afanye vilevile. Mimi siku yangu niliamka salama, nilikuwa nimelala vizuri, kituo kilikuwa kimya, na muda ulinitosha. Nilizunguka gari lote sikuona kilichohama.

Ndipo nilipofungua lile faili ambalo sikuwa nimeligusa tangu Juni, la maelezo ninayopaswa kuviandikia vyuo nikieleza kwa nini nataka kusoma uchumi. Aya ya kwanza ilisema kwamba nimekuwa na hamu ya somo hilo tangu utotoni. Haikutaja bandari. Haikutaja hata Mombasa. Mtu yeyote, wa mji wowote, angeweza kuiandika, nami niliona aibu kweli, kwa sababu nilikuwa tayari kutoa shilingi 36,000 na miezi miwili ya usiku kwa ajili ya alama mbili ambazo huenda nisizipate, na sikuwa nimetoa hata usiku mmoja kwa ajili ya kurasa mbili ambazo hakuna mwingine awezaye kuniandikia. Mwisho wa kupokea maombi kwa vyuo viwili kati ya vile vinne ni mwezi wa Desemba. Mhadhiri wangu wa zamani wa takwimu, ambaye namwomba barua ya mapendekezo, huhitaji mwezi mzima ili aiandike vizuri, na alikuwa bado hajasikia neno kutoka kwangu.

Nimeamua kutorudia. Ile kozi inayotaka 168 nimeiacha kwenye orodha, na nitaomba nikiwa na 167 yangu.

Maelezo nimeyaanza upya, na safari hii nimeanza na mwaka 2019, serikali ilipoagiza makontena ya mizigo ya bara yapelekwe kwa reli hadi bandari kavu ya Embakasi, jijini Nairobi, na watu wa Mombasa wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Ami alikuwa mmoja wa madereva waliokosa mizigo wakati ule. Mnamo Septemba 2022 agizo hilo liliondolewa na kazi ya kutoa mizigo ikarudishwa hapa, lakini yadi kadhaa za makontena nilizokuwa nikizipita kila siku hazikufunguka tena. Ninachotaka kukisoma ni hicho: ni nani hasa aliyebeba gharama ya miaka ile, na kwa nini agizo likiondolewa biashara hairudi pale ilipokuwa. Nimeshaandika kurasa moja na nusu. Mhadhiri amenijibu kwamba ataiandika barua, ila anataka kwanza ayasome maelezo yenyewe, na ada za maombi ya vyuo viwili vya kwanza nimezilipa kutoka katika zile 28,000.

Jumamosi hii Ami atanipeleka Changamwe kwa mzee mmoja aliyekuwa na yadi na malori sita. Amesema madaftari yake ya miaka ile bado anayo, na kwamba niende mapema, kabla jua halijawa kali.