Povu la ndevu na maji ya kisima

Wauza brashi wasije wakanitolea povu, lakini povu la kunyolea likikata upesi, brashi haina makosa. Yangu ni ya manyoya ya bandia, ya bei ya kawaida. Ya manyoya ya nguruwe siiingizi nyumbani, na hata bila hilo inataka kulowekwa kwanza, na asubuhi mimi sina muda huo. Sabuni ni Arko, ile ya Kituruki ya kipande unachojipaka moja kwa moja kwenye ndevu. Kwa vifaa hivyohivyo, siku moja povu linasimama mpaka namaliza kidevu, siku nyingine limeshakata kabla sijavuka shavu la kwanza. Kinachobadilika ni maji.

Nimepanga Kigamboni na tunatumia maji ya kisima. Chai yake unaijua kwa ulimi, na birika ndani lina ukoko mweupe usiotoka kwa steelwire. Ukoko huo ni chokaa. Maji yanayouacha yana kalsiamu na magnesiamu, na sabuni ikikutana na vitu hivyo, sehemu yake hugeuka utando wa kijivu unaoganda kwenye ukingo wa beseni. Sabuni iliyokwisha kuwa utando haitoi povu tena. Unaongeza nyingine, nayo inaliwa. Chumvi ya kawaida iliyomo kwenye maji hayo nayo haisaidii, inalipunguza povu vilevile.

Aliyenielekeza huko ni mzee mmoja kinyozi wa Magomeni, katika wachache waliobaki na brashi na kikombe. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida yangu, na sabuni nikaitoa mfukoni aione. Hakuiangalia.

"Marahaba. Maji ya wapi hayo?"

Basi nikachukua chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Moja nikajaza nusu kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji ya mvua niliyokinga masika. Kila moja nikatia mparuzo kidogo wa sabuni, kiasi kilekile, nikatikisa. Ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni na likakaa. Ya kisima ilitoa mapovu machache juu yaliyopasuka upesi, na chini maji yakabaki na weupe kama yaliyooshea mchele. Jaribu nyumbani, halina gharama.

Sabuni nayo ina mchango wake, nisiidhulumu. Sabuni nyingi za kuogea zina mafuta ya nazi au ya mawese ya mbegu, ambayo hutoa mapovu makubwa haraka na kuyapoteza haraka. Ya kunyolea huwekwa asidi ya steariki, ambayo ni asidi ya mafuta, kwa wingi, na hutengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu peke yake. Viputo vinakuwa vidogo sana, kuta zake nzito, maji hayachuruziki upesi. Gliserini inasaidia kuyashika.

Ila kazi yenyewe iko kwenye vidole. Nalowesha uso, najipaka sabuni kinyume na ndevu zilivyolala, kisha brashi niliyoikung'uta, isiyodondosha. Mwanzo inatoka rojo nzito, nyeupe, inayonata. Wengi huishia hapo wakidhani ndilo povu, na wembe unakwama. Nachovya ncha za vidole, nadondosha matone machache kwenye brashi, nazungusha. Tena matone, tena nazungusha. Taratibu weupe ule mkavu unaanza kung'aa, viputo havionekani kwa macho, na ukiinua brashi kinabaki kilele kinachojikunja kidogo nchani. Chukua kidogo usugue kati ya vidole: linatakiwa kuteleza, siyo kunata. Ukiona mapovu yenye macho na maji yanatambaa shingoni, umezidisha. Rudisha sabuni kidogo, zungusha.

Kisha zima pangaboi. Januari ya hapa najua ni dhuluma kumwambia mtu hivyo, lakini upepo ule unakausha povu usoni ungali unanoa macho kwenye kioo. Mimi hupaka upande mmoja, nanyoa kufuata ndevu zilivyolala (wenye vipele mnanielewa), ndipo napaka wa pili.

Asiye na mvua wala bomba achemshe maji ya kisima, ayaache yatulie, atumie ya juu. Sehemu ya chokaa itabaki chini, ingawa chumvi haiondoki kwa moto. Kwa yaliyokaidi natia chembe chache za ndimu ya unga kwenye kikombe. Chembe tu, kwa sababu asidi ikizidi inaivunja sabuni yenyewe na povu halitoki kabisa.

Mama mwenye nyumba ameona zile chupa za mvua zimepangwa bafuni, akaniuliza kama ni dawa ya mganga. Nimemwambia ni za ndevu. Hajaamini.