Injini ya Mtumba, Sensa za Zamani: Ipi Uhamishe, Ipi Uiache

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE ikichoka kwenye Vitz, Ist, Probox au Fielder, wengi hawafungui tena kubadilisha ringi na bearingi. Wananunua nyingine ya mtumba kutoka Japani, ikiwa na manifoldi na alteneta yake na plagi za waya zilizokatwa zinaning'inia. Kuishusha ya zamani na kupandisha hii nyingine ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mzoefu. Kinachokula wiki ni taa ya injini inayowaka baadaye, gari linavuta vibaya, linakunywa mafuta, na fundi anaanza kuilaumu injini yenyewe. Kabla hujairudisha kwa aliyekuuzia, kagua sensa, vile vifaa vidogo vinavyopima joto, mtetemo na mzunguko wa injini.

Kanuni ni hii: sensa inafuata kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya za gari, haifuati injini. Kontroli boksi haikubadilika. Imepangiwa kwamba volti kadhaa maana yake ni joto kadhaa, na haijui kwamba chini ya boneti kuna kitu kipya. Kwa hiyo sensa za injini ya zamani, zikiwa nzima, ndizo zinazotakiwa kuhamia kwenye injini mpya. Kuna sharti moja tu linaloivunja kanuni hiyo: sensa inayosoma meno ya gurudumu lililo ndani ya injini lazima ikute meno yale yale iliyoyazoea. Nitarudi hapo.

Faida ya pili ni ya mfukoni. Sensa iliyokuwa inafanya kazi vizuri jana ina thamani kuliko ya kopi iliyowekwa kwenye boksi lenye nembo ya kampuni kubwa. Hivyo, kama gari la zamani bado linawaka hata kwa kukohoa, lipime kwa mashine ya kusoma makosa kabla ya kushusha chochote. Sensa iliyokwisha kuandika msimbo wake wa kosa haina haja ya kuhamishwa. Ikiacha injini moja na kwenda nyingine, ugonjwa unakwenda nao. Piga picha kila plagi ikiwa bado imechomekwa.

Kuna mambo matatu ya kuangalia dukani kabla hela haijatoka. La kwanza, throtoli, yaani lango la hewa ya injini: ni ya kebo au ya umeme? 1NZ-FE zipo za aina zote mbili. Gari la kebo likipewa injini ya throtoli ya umeme, throtoli nzima ya zamani inabidi ihamie pamoja na sensa yake ya kipepeo na vali ya sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta). Uso wake usipokaa kwenye manifoldi mpya, hamisha na manifoldi. La pili, sensa ya kamshafti: hesabu waya. Ya waya mbili ni koili na sumaku, inazalisha umeme wake yenyewe. Ya waya tatu inapewa umeme na gari na inatoa ishara ya aina tofauti. Hazibadilishani hata kama boliti inaingia. La tatu ni sensa ya noki, na hiyo ndiyo inayosumbua kuliko zote.

Noki ni ule mlio wa kugonga, mchanganyiko wa mafuta na hewa unapolipuka ovyo ndani ya silinda. Sensa yake imefungwa kwenye bloku, chini ya manifoldi ya hewa, na inasikiliza mtetemo. Kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 75, kama ya 1NZ, mtetemo huo unakuja karibu na kilohezi 7. Toyota imetumia sensa za aina mbili. Ya zamani ni ya kukazwa yenyewe kama plagi ya moto: ina waya moja, mwili wake una pembe za kushikwa na spana, na imetengenezwa ipige kelele kubwa zaidi pale pale kwenye mtetemo wa noki. Ya baadaye ni bapa kama kitumbua, ina tundu katikati linalopitishwa boliti, na ina waya mbili. Hii inasikia mitetemo mingi kwa usawa, na kazi ya kuchuja ipi ni noki inafanywa na kontroli boksi.

Hapo ndipo ujanja wa gereji unapokwama. Mtu anachukua sensa bapa iliyokuja na injini, anaunga waya moja kwenye gari na nyingine kwenye bodi, anasema imekubali. Taa haiwaki ukiwa umeegesha, kwa sababu kontroli boksi inaanza kuihukumu sensa hiyo mizunguko ikipita kama 2,000 na injini ikiwa na mzigo. Ukifika mlimani inaandika P0325, msimbo wa sensa ya noki, na kuanzia hapo moto wa plagi unacheleweshwa hadi kiwango cha juu kwa ajili ya kulinda pistoni. Gari linakuwa zito. Watu wanabadilisha pampu ya mafuta, wanasafisha nozeli, na tatizo halijaguswa.

Tundu la boliti ya sensa bapa ni jembamba kuliko tundu la sensa ya kukazwa. Kama bloku mpya ina tundu jembamba na gari lako linataka ya kukaza, sensa yako haiingii, basi. Wapo wanaotoboa wapanue. Bloku ya 1NZ ni ya alumini na nyuma ya ukuta huo maji yanapita. Ukikosea milimita chache umeharibu bloku yote. Afadhali kutafuta injini nyingine yenye tundu sahihi, kazi ya kuuliza maduka mawili matatu ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Spesa ya kugeuza thredi inawezekana kuchongwa, lakini mtetemo unapungua kila unapovuka kiungo, na sensa inayosikia nusu ni hatari kuliko isiyosikia kabisa, maana inayosikia nusu haiwashi taa huku pistoni zinaumia.

Ikiwa tundu linakubali, kazi ni rahisi mradi uifanye injini ikiwa bado chini. Ikishapanda, manifoldi lazima itoke. Sugua sehemu inapokalia hadi alumini ing'ae, ondoa rangi, oili na kutu. Usiweke washa ya ziada wala gundi. Sensa ya waya moja inapata asi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) kupitia thredi zake, kwa hiyo tepu nyeupe ya mabomba hapo ni marufuku. Aina bapa inakazwa Nm 20 (nyutoni-mita, kwa spana ya kupimia). Ya kukaza yenyewe inataka karibu Nm 40, kutegemea injini. Isiyokazwa vya kutosha haisikii, na iliyokazwa kupita kiasi inapasuka jiwe lake la ndani bila kuonyesha ufa wowote nje. Iliyoanguka sakafuni ichukulie kuwa imekufa. Sensa bapa ipime kwa mita: kati ya ncha mbili utakuta kiloomu 120 hadi 280 katika joto la kawaida. Ya waya moja haitakiwi kuonyesha mpito wowote kati ya ncha na mwili. Waya wake una sitara ya nyuzi za shaba au karatasi ya bati. Ukiuunga, unganisha na sitara pia, na iguse asi upande mmoja tu.

Sensa ya joto la maji haina makuu. Yenye waya mbili ni ya kontroli boksi. Kwenye injini za zamani kidogo kama 5A-FE kuna na nyingine ya waya moja, ambayo kazi yake ni mshale wa dashibodi tu; ukiisahau, mshale unalala chini na dereva anafikiri injini haipati joto. Ipime kabla ya kuifunga: iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Nyuzi 20 itoe kiloomu 2 hadi 3, nyuzi 60 itoe kati ya 0.4 na 0.7, nyuzi 80 ishuke hadi 0.2 au 0.4. Kama uko Arusha au Nairobi usishangae maji kuchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ni mwinuko, si sensa. Tumia gasketi mpya na ukaze Nm 20. Baada ya kujaza maji toa hewa yote kwenye mfumo, kwa sababu ncha ya sensa ikikaa kwenye povu la hewa inasoma joto la chini huku injini inachemka, na feni haiwaki. Plagi ikiwa imekatika inatokea kinyume chake: kontroli boksi inajiwekea nyuzi 80 za kubahatisha, na kwenye Toyota nyingi feni inazunguka muda wote.

Swichi ya oili ndiyo inayovuja kuliko zote, na kosa karibu kila mara ni thredi. Ile ya Toyota ni ya kuchongoka ya robo-nusu ya inchi, yaani 1/8, ya mtindo wa Kiingereza na Kijapani yenye thredi 28 kwa inchi. Zile za Kimarekani za 1/8 zina thredi 27. Zinaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, mtu anaongeza spana, na alumini inaliwa. Kama haiendi kwa vidole, simama. Paka gundi ya thredi kuanzia thredi ya tatu, ukiacha mbili za mwanzo tupu ili vipande visiingie kwenye njia ya oili. Kaza Nm 15, subiri saa moja kabla ya kuwasha. Tepu nyeupe hapa pia haifai, kwa sababu ile ile ya asi. Angalia pia usichanganye swichi ya taa na sensa ya geji: swichi ina hali mbili tu, imefunga au imefungua.

Sasa meno. Nyuma ya puli ya kranki ya 1NZ kuna gurudumu lenye meno 34 na pengo la meno mawili, na kwenye kamshafti ya hewa kuna meno matatu. Ukibaki ndani ya familia ya NZ yenye sensa za waya mbili, sensa za zamani zinafuata bila ugomvi. Ukivuka kwenda injini ya familia nyingine, au ya miaka ambayo sensa ya kamshafti imekuwa ya waya tatu, kubadilisha sensa peke yake hakusaidii. Inabidi gurudumu nalo lihame, na mara nyingi hilo ni kufungua kava ya cheni. Futa vumbi la chuma kwenye ncha ya sumaku kwa kitambaa, weka oringi mpya, ipake oili ya injini, isukume kwa mkono hadi ikalie. Ikigoma usiigonge kwa nyundo. Ichomoe utazame, kwa kawaida oringi imejikunja. Boliti ya kichwa cha 10 inataka Nm 8 tu. Ukilazimika kuunga plagi, usigeuze waya mbili za koili: ishara inageuka juu chini, kontroli boksi inasoma jino mahali lisipo, na unapata gari linalowaka kwa shida na msimbo wa mpangilio wa kamshafti huku cheni iko sawa kabisa.

Sensa ya eksozi iache kwenye manifoldi yake kama manifoldi ya zamani inahamia. Kama haihami, ifungue injini ikiwa na joto, spana ya 22, mafuta ya kulegeza kutu. Rudisha ukiwa umepaka grisi ya shaba kwenye thredi tu, Nm 44. Kuna aina mbili zinazofanana sura, zote za waya nne. Ya kawaida, hita yake inasoma omu 11 hadi 16. Ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta inasoma omu mbili au tatu. Usiziweke moja mahali pa nyingine. Halafu silikoni ya kuzibia gasketi, iwe ile iliyoandikwa ni salama kwa sensa, maana mvuke wa nyingine unapofusha ncha.

Kila kitu kikishafungwa, toa fyuzi ya EFI kwa dakika moja kufuta kumbukumbu. Asubuhi injini ikiwa baridi, washa swichi bila kupiga stata, chomeka mashine na usome namba hai. Joto la maji na joto la hewa yawe karibu sawa, tofauti isizidi nyuzi tano. Washa, subiri feni iwake na kuzima mara mbili, kisha tazama marekebisho ya mafuta: ndani ya asilimia 10 juu au chini ni sawa. Nenda barabarani upande mlima kwa gia ya tatu ili sensa ya noki ijaribiwe kweli, urudi, na umulike tochi chini ya swichi ya oili na pembeni mwa sensa ya maji injini ikiwa bado ya moto.