Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Gagoili za Makanisa ya Kale ya Ufaransa

Tangu majira ya mapukutiko yaanze nimeubadilisha mpangilio wa mradi huu wa kupiga picha gagoili, yaani milizamu ya mawe iliyochongwa kwa sura ya mnyama au kiumbe ili kumwaga maji ya mvua mbali na ukuta. Hapo awali picha zangu nilizipanga kwa sura: simba mahali pamoja, mbwa mahali pao, mashetani na watu waliokodoa macho mahali pengine. Sasa nazipanga kwa maji. Kila gagoili ninayoipiga picha naiandikia kwanza iwapo inamwaga maji au haimwagi, maji hayo yanatoka paa lipi, yanapitia wapi na yanaangukia wapi. Nimeona kwamba mtu akishaielewa njia ya maji, hata sura ya mnyama anaielewa vizuri zaidi, kwa sababu urefu wa shingo, upana wa kinywa na namna kiwiliwili kilivyojinyoosha ni mambo yaliyoamuliwa na kazi ya mlizamu.

Paa la kanisa kuu la mtindo wa Kigothi ni kubwa na lina mteremko mkali. Mvua inayolinyeshea hukusanywa na mchirizi wa mawe uliopita ukingoni mwa ukuta, na katika makanisa mengi hupelekwa kwenye mfereji uliochimbwa juu ya mgongo wa tao la egemeo (tao la nje linaloegemeza ukuta), ukavuka hadi nguzo ya nje, kisha ukatokea kinywani mwa mnyama anayechomoza mbali na jengo. Kama si shingo hiyo ndefu, maji yangetambaa ukutani, yakailainisha chokaa inayoshika mawe na kuutafuna msingi. Waashi walijifunza pia kuzidisha idadi ya gagoili ili kila moja ibebe maji kidogo, na ndiyo maana makanisa ya baadaye yana nyingi, nyembamba na zenye shingo ndefu kuliko yale ya mwanzo.

Za mwanzo nilizifuata Laon, mji ulio juu ya kilima kaskazini mwa Ufaransa. Eugène Viollet-le-Duc, msanifu majengo wa karne ya 19 aliyeandika kamusi kubwa ya usanifu wa Zama za Kati, anaeleza kwamba gagoili zilianza kuonekana huko mnamo 1220, na kwamba ni chache, pana, na zimeundwa kwa matabaka mawili ya mawe: la chini ni mfereji, la juu ni kifuniko. Ukiwa na darubini, kiungo cha matabaka hayo mawili unakiona waziwazi kikipita ubavuni mwa mnyama, na mimi nimekifanya kuwa kitu cha kwanza cha kutafuta kila nifikapo kwenye kanisa jipya. (Minarani mwa kanisa hilohilo wamo maksai wa mawe wanaochungulia mji, inasemekana waliwekwa kuwaenzi maksai waliokokota mawe kuyapandisha kilimani. Hawamwagi maji, kwa hiyo hawamo katika hesabu yangu, ingawa kila nilipokuwa pale nilijikuta nikiwapiga picha.)

Mvua ndiyo hali ya hewa niitakayo. Inapokuwa kubwa, maji hutoka kinywani kwa nguvu na kuruka mbali na ukuta kama yalivyokusudiwa. Inapopungua, uzi wa maji hukosa nguvu, ukageuka chini ya kidevu na kufuata koo, na hapo ndipo ukungu wa kijani na kuvu hushika jiwe. Kwa hiyo koo la kijani ni ushahidi kwamba mlizamu bado unafanya kazi, hata siku ya jua. Rangi nyingine nayo inasema mengi: mahali ambapo mvua huosha, jiwe la chokaa hubaki jeupe, mahali palipojificha, chini ya mabawa na nyuma ya masikio, moshi na vumbi la mji hujenga gamba jeusi.

Kwa wanaoniuliza kuhusu vifaa: natumia lenzi ya milimita 400 juu ya stendi imara. Mawingu meupe nyuma ya jiwe jeusi huidanganya kamera ikafanya mnyama kuwa kivuli kitupu, hivyo naongeza mwanga kwa hatua moja na nusu juu ya kipimo chake. Kwa kasi ya 1/60 ya sekunde maji huonekana kuwa uzi mmoja usiokatika. Kwa 1/1000 huonekana matone. Naichagua ile ya kwanza, kwa kuwa inaonyesha njia nzima ya maji kutoka kinywani hadi yanapoangukia.

Dijon ilinilazimu kufungua jalada la pekee. Upande wa mbele wa kanisa la Notre-Dame mjini humo una gagoili 51 katika safu tatu, zote zikiwa zimenyoosha shingo kuelekea mtaani, na hakuna hata moja iliyounganishwa na mchirizi. Mtawa wa karne ya 13, Étienne de Bourbon, anasimulia kwamba mnamo 1240 mla riba mmoja alifika kanisani hapo kufunga ndoa, na jiwe la sanamu ya mla riba likang'oka, likamwangukia na kumuua. Wala riba wenzake wakatoa fedha ili sanamu za mbele ziondolewe. Hizi zinazoonekana leo zilichongwa kati ya 1880 na 1882. Uchongaji wake ni mzuri sana, na kwa mpiga picha ni neema, kwani ukisimama katika mtaa wa Musette unaziona zote kwa mkabala. Hata hivyo nazitenga na zile zinazofanya kazi, na nimeziandika kama mapambo ya karne ya 19.

Jalada hilohilo linapokea viumbe mashuhuri wa roshani ya Notre-Dame ya Paris, waliobuniwa wakati wa ukarabati wa Viollet-le-Duc na ambao hawapitishi maji. Gagoili halisi za kanisa hilo zimechomoza mahali pengine, na wageni wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Nawaheshimu viumbe wa roshani kwa sababu nyingine: mnamo 1853 Charles Nègre alimpiga picha mwenzake Henri Le Secq akiwa amesimama kando ya mmoja wao. Le Secq alikuwa miongoni mwa wapiga picha 5 waliotumwa na serikali mwaka 1851 kurekodi majengo ya kale ya Ufaransa, na kazi yangu naiona imo katika njia waliyoifungua.

Reims ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Tarehe 19 Septemba 1914 kanisa kuu lilishika moto kutokana na makombora ya Wajerumani, na madini ya risasi yaliyofunika paa yakayeyuka, yakafuata njia ya maji ya mvua hadi kwenye gagoili. Baadhi zimehifadhiwa zikiwa na madini hayo yaliyogandia kinywani.

Lyon nayo ina mpya ya kweli. Katika ukarabati wa kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, mchongaji aliipa gagoili moja sura ya msimamizi wa mafundi, Mwislamu aliyelihudumia jengo hilo kwa miaka mingi, na chini yake akaandika kwa Kifaransa na Kiarabu kwamba Mungu ni mkubwa. Ilizua mabishano mwaka 2010. Kwangu mimi ni heshima iliyostahili.

Hatua inayofuata ni L'Épine, karibu na Châlons-en-Champagne, ambako kanisa kubwa limesimama katika kijiji kidogo na mtu anaweza kulizunguka akiwa na nafasi ya kutosha kwa lenzi ndefu. Baadhi ya gagoili zake ziliondolewa katika karne ya 19 kwa kuonekana kuwa hazina staha. Nitapiga picha zilizobaki, na pia mahali zilipong'olewa, ili nione maji ya paa hilo yanatokea wapi sasa.