Jinsi nilivyomaliza utitiri kwenye banda la kuku, Mbagala

Kuku wangu wa kienyeji walikuwa hawatulii: nawapa dawa, wanachangamka, kisha wanazubaa tena, upanga wa kichwani umepauka na mayai yanapungua. Mchana ukipekua manyoya huoni kitu. Jibu nililipata usiku kwa tochi. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja cha kulalia, kikatoka na madoa ya damu. Utitiri mwekundu! Mchana wadudu hawa hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kufyonza damu, kwa hiyo kumtibu kuku peke yake hakusaidii.

Kazi ikahamia bandani. Maranda yote nilichoma, mbao zilizooza nikabadilisha, nyufa nikazimwagia maji yanayochemka, kisha nikapaka chokaa. Dawa ya kunyunyiza nilielekezwa na daktari wa mifugo (tafadhali, msitumie ya shambani, mayai hayo wanakula watoto). Baada ya wiki nikarudia, maana mayai ya utitiri huanguliwa upesi.

Mdondo (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle) ni habari nyingine: hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Mimi natumia I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Mitetea sasa wanataga vizuri.