Redio ya Valvu Iliyokwaruza Kila Ilipopata Joto

Redio ya mezani ya valvu (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti) niliyorithi kwa mjomba wangu hapa Mkomani, Lamu, ilianza kwa sauti nzuri, lakini baada ya dakika 10 hivi sauti ilikwaruza, na bati la ndani la valvu ya EL84, ile inayosukuma spika, likaiva likawa jekundu. Nilibadilisha valvu, na ile mpya nayo ikaiva vilevile.

Ndipo nilipopima gridi yake, yaani waya wa ndani unaodhibiti mkondo wa valvu: badala ya kukaribia sifuri, ilikuwa na volti 9 chanya. Kasoro ilikuwa kwenye kapasita ndogo ya karatasi, ya mikrofaradi 0.022, ambayo kazi yake ni kupitisha sauti huku ikizuia mkondo mnyoofu unaotoka valvu ya kwanza. Karatasi hunyonya unyevu, na hewa yetu ya bahari haina huruma; kapasita ikavujisha mkondo huo hadi kwenye gridi, na valvu ikapitisha umeme kupita kiasi.

Nilichomoa plagi, nikaondoa chaji ya kapasita kubwa kupitia rezista (chaji hiyo yaweza kuua, tafadhali msiipuuze), kisha nikalehemu kapasita ya plastiki ya volti 630. Gridi ilirudi sifuri, na tangu hapo nasikiliza mawimbi mafupi hadi usiku wa manane bila mkwaruzo wowote.